Watoto wa jukwaa nambari 1: Sydney na historia ya watoto waliotenganishwa na mama zao

Kwa zaidi ya nusu karne, serikali ya jimbo la New South Wales nchini Australia iliwachukua watoto wa Waaborijini kutoka kwa wazazi wao kwa hoja ya kuwalinda. Makala ya leo inaangalia jinsi sera hiyo ilivyoendeshwa, jinsi ilivyoiathiri mioyo ya watoto wadogo, na swali zito ambalo mahakama ya mjini Sydney ilitakiwa kulijibu: je, wakuu wa zama hizo walijua madhara ya walilokuwa wakilitenda?

Katika kituo kikuu cha reli cha mjini Sydney, kiitwacho Central, jukwaa nambari 1 ni mahali pa kungojea treni za safari ndefu. Abiria wengi hupita hapo wakiwa na haraka zao. Lakini kwa wazee wengi wa Kiaborijini wa jimbo la New South Wales, mahali hapo ni pa majonzi. Ndipo walipopitishwa walipokuwa watoto, wakiwa chini ya maafisa wa serikali, na baadhi yao hapo ndipo walipoachanishwa na ndugu zao wa tumbo moja. Wavulana walielekezwa kaskazini, kwenye makao ya Kinchela karibu na mji wa Kempsey. Wasichana walielekezwa kusini-magharibi, kwenye makao ya Cootamundra. Walio wadogo kabisa, wakiwemo watoto wachanga, walipelekwa Bomaderry katika pwani ya kusini. Wapo waliokaa miaka mingi bila kuonana tena.

Nchini Australia watu hao huitwa Vizazi Vilivyoporwa. Jina hilo lilianza kutumika sana baada ya mwanahistoria Peter Read kuandika kijitabu juu ya habari hiyo mwaka 1981, kwa kutegemea kumbukumbu za serikali ya New South Wales yenyewe.

Mwanzo wake Parramatta

Mizizi ya jambo hili imefika mbali. Mwezi Desemba mwaka 1814, gavana wa koloni, Lachlan Macquarie, alitangaza kuanzishwa kwa shule maalumu ya watoto wa Kiaborijini huko Parramatta, magharibi ya Sydney. Kanuni za shule hiyo zilieleza kwamba mtoto akishapokelewa hataruhusiwa kuondoka mpaka afikie umri uliowekwa, yaani miaka 16 kwa mvulana na miaka 14 kwa msichana. Wazazi waliwekewa siku maalumu ya kuja kuwaona watoto wao, siku ya mkutano wa kila mwaka mjini humo.

Shule hiyo haikushindwa kwa sababu ya akili za watoto. Mwaka 1819, msichana wa Kiaborijini aliyejulikana baadaye kwa jina la Maria Lock alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa koloni, akiwatangulia watoto wa Kizungu wapatao 100. Kilichoikwamisha ni wazazi, ambao hawakukubali kuwatoa watoto wao, na waliokwisha kuwatoa walitaka warudishwe. Mwaka 1823 shule ilihamishiwa mahali pengine, na eneo hilo likaja kuitwa Blacktown, yaani mji wa watu weusi. Jina hilo limebaki mpaka leo.

Sheria yaipa Bodi uwezo

Mwaka 1883 iliundwa Bodi ya Kuwalinda Waaborijini ya New South Wales. Sheria ya mwaka 1909 iliipa Bodi hiyo madaraka juu ya maisha ya Waaborijini, lakini ili kumchukua mtoto ilibidi kwanza ithibitike mbele ya hakimu kwamba mtoto huyo ametelekezwa. Wakuu wa Bodi waliona sharti hilo linawafunga mikono. Mwaka 1915 sheria ilirekebishwa. Tangu hapo Bodi iliweza kumchukua mtoto yeyote wa Kiaborijini bila ya kwenda mahakamani, mradi yenyewe ione kwamba kufanya hivyo ni kwa manufaa ya maadili au ya afya yake. Mzazi asiyeridhika ndiye aliyepaswa kwenda mahakamani kudai mtoto wake.

Peter Read aligundua kwamba katika kumbukumbu za Bodi, mahali palipotakiwa kuandikwa sababu ya mtoto kuchukuliwa, baadhi ya maafisa walijaza tu kwamba mtoto ni Muaborijini.

Wahenga wa Kiswahili walisema samaki mkunje angali mbichi. Wakuu wa Bodi hawakuijua methali hiyo, lakini kwa namna yao waliiamini. Waliona kwamba mtoto akitolewa kwa watu wake mapema, kabla ya kushika lugha na desturi zao, atakunjika kwa urahisi na kuingia katika jamii ya Wazungu kama mfanyakazi. Wasichana wa Cootamundra walifundishwa kufua, kupika na kusafisha nyumba, kisha wakapelekwa kuwa watumishi wa ndani katika majumba, mengi yakiwa mjini Sydney. Sehemu kubwa ya mishahara yao ilishikwa na Bodi, na ilikuwa mwaka 2004 ndipo serikali ya jimbo ilipoanzisha mpango wa kuwarudishia fedha hizo.

Huko Kinchela, yaliyoendeshwa kuanzia mwaka 1924 hadi 1970, wavulana waliitwa kwa nambari badala ya majina yao. Inakadiriwa kwamba kati ya wavulana 400 na 600 walipitia humo. Wazee waliotoka huko wamesimulia hadharani adhabu ya kupitishwa katikati ya safu ya wenzao, kila mmoja akiamriwa kumpiga ngumi anayepita, hata kama ni ndugu yake. Asiyepiga, naye alipitishwa.

Hoja iliyotolewa mara kwa mara ilikuwa umaskini wa wazazi. Ni kweli kwamba familia nyingi zilikuwa katika dhiki. Lakini dhiki hiyo ilikuwa na chanzo. Kati ya mwaka 1911 na 1927, takriban nusu ya ardhi iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya Waaborijini katika jimbo hilo, ambayo baadhi ya familia zilikuwa zikiilima na kujipatia riziki, iliondolewa mikononi mwao. Familia ilinyang'anywa shamba, ikawa maskini, kisha umaskini huo ukawa sababu ya kunyang'anywa mtoto.

Wazazi hawakukaa kimya. Waliandika barua kwa Bodi, walihama kutoka wilaya hadi wilaya, na waliwaficha watoto wao porini walipoona gari la afisa. Tarehe 26 Januari mwaka 1938, wakati Sydney ilipokuwa ikisherehekea miaka 150 tangu kuwasili kwa Waingereza, Waaborijini wapatao 100 walikutana katika ukumbi wa Australian Hall, barabara ya Elizabeth, wakaiita siku hiyo siku ya maombolezo. Jack Patten na William Ferguson, viongozi wa chama chao, walidai Bodi ivunjwe. Haikuvunjwa. Mwaka 1940 ilibadilishwa jina na kuitwa Bodi ya Ustawi, na watoto wakaendelea kuchukuliwa.

Elimu iliyotoka London na Buganda

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, wataalamu walianza kuchunguza kinachompata mtoto mdogo anapotenganishwa na mama yake. Mwezi Desemba mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiwahamisha watoto kutoka mijini kwa hofu ya mabomu, madaktari watatu, John Bowlby, Emanuel Miller na Donald Winnicott, waliandika barua katika jarida la madaktari la nchi hiyo. Walionya kwamba kuwahamisha watoto wa umri wa kati ya miaka miwili na mitano bila mama zao kunaweza kuleta matatizo makubwa ya nafsi. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliowalea watoto wa vita mjini London, walitambua nao kwamba mtoto aliyekuwa pamoja na mama yake aliweza kuvumilia milio ya mabomu kuliko alivyoweza kuvumilia kuachanishwa naye.

Mwaka 1951, Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya Bowlby, ambayo ilisema kwamba mtoto mchanga na mtoto mdogo wanahitaji uhusiano wa karibu, wenye upendo na usiokatikakatika, na mama au mtu mwingine wa kudumu aliyeshika nafasi yake. Chakula na mavazi peke yake havitoshi.

Mwenzake Bowlby, James Robertson, aliwatazama watoto waliolazwa hospitalini wakati ambapo wazazi walizuiwa kuwatembelea. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kumtafuta mama yake. Kisha hukata tamaa, hunyamaza na kupoteza hamu ya kucheza. Hatimaye huonekana ametulia: hula, hutabasamu, hukubali kubebwa na yeyote. Wauguzi walidhani mtoto amezoea. Robertson alisema kwamba hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtoto amejifunza kutomtegemea mtu. Mama akija, humtazama kama mgeni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu muhimu ya elimu hii ilitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby mjini London, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyepata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki. Ainsworth alijifunza Kiganda, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na mji, kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, akiwatazama watoto wachanga wakiwa na mama zao. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hamng'ang'anii muda wote. Humwacha na kutambaa kwenda kuchunguza mambo, mara kwa mara akigeuka kumtazama, kisha hurudi kwake anapoogopa. Mama alikuwa kwa mtoto kama bandari kwa chombo. Ainsworth aliyachapisha matokeo hayo katika kitabu mwaka 1967, na mpaka leo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya malezi duniani.

Akina mama wa Buganda walikuwa wakimfundisha mtaalamu huyo maana ya ufungamano wa mama na mtoto katika miaka ileile ambapo watoto wa Bomaderry walikuwa wakikua bila hata mmoja wa kumgeukia. Makao hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1908 na jumuiya ya wamisionari, yaliwapokea watoto wachanga na kuwalea hadi wafikie umri wa kuhamishiwa Cootamundra au Kinchela. Hata kama mtoto angempata huko mlezi wa kumzoea, alikuja kutenganishwa naye pia.

Kesi ya Joy Williams

Mwaka 1942, mtoto wa kike alizaliwa mjini Sydney na kupelekwa Bomaderry akiwa mchanga. Mama yake alikuwa kijana asiyeolewa, ambaye yeye mwenyewe alikuwa chini ya mamlaka ya Bodi. Alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka minne, mtoto huyo, Joy Williams, alihamishiwa kwenye makao ya watoto wa Kizungu katika milima iliyo magharibi ya Sydney, kwa sababu ngozi yake ilikuwa nyeupe kuliko ya wenzake. Alikua bila kulelewa na jamaa zake, na alipokuwa mtu mzima alisumbuliwa kwa muda mrefu na maradhi ya nafsi.

Williams aliishtaki serikali ya New South Wales. Baada ya kuruhusiwa na mahakama ya rufaa mwaka 1994 kufungua kesi licha ya muda wa kisheria kupita, shauri lake lilisikilizwa na kuamuliwa mwaka 1999. Mawakili wake walidai kwamba kunyimwa ufungamano na mlezi mmoja katika utoto wake ndiko kulikomharibia maisha, na kwamba Bodi ilikuwa na wajibu wa kumkinga. Ripoti ya Bowlby ilikuwa katikati ya mabishano.

Williams alishindwa. Hakimu alikubali kwamba ni mama mwenyewe aliyeomba mtoto wake apokelewe na Bodi. Aidha alisema kwamba matendo ya miaka ya 1940 hayawezi kupimwa kwa elimu iliyokuja baadaye, kwani ripoti ya Bowlby ilitoka mwaka 1951. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2000.

Kisheria hoja hiyo ina uzito, kwa maana si haki kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Lakini historia huuliza kwa upana zaidi kuliko sheria. Barua ya madaktari watatu ilichapishwa mwaka 1939, miaka mitatu kabla ya Williams kuzaliwa. Maombolezo ya Australian Hall yalifanyika mwaka 1938. Na barua za wazazi zilikuwa zikiifikia Bodi kwa miaka mingi kabla ya hapo. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na wazazi hao walikuwa wameshasema. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni utayari wa kuipokea kutoka kwa waliokuwa nayo.

Na ni vigumu pia kuielewa hiari ya msichana aliye chini ya mamlaka ya Bodi, mtumishi wa ndani asiye na nyumba yake, anapoiomba Bodi hiyohiyo imchukue mtoto wake.

Miaka minane baadaye, mwezi Agosti mwaka 2007, mahakama ya jimbo la South Australia ilitoa hukumu tofauti. Bruce Trevorrow alikuwa amechukuliwa siku ya Krismasi mwaka 1957, akiwa na umri wa miezi 13. Mahakama ilikubali kwamba alichukuliwa kinyume cha sheria na kwamba kutenganishwa huko kulimsababishia maradhi ya muda mrefu, ikamtunuku fidia ya dola 525,000 za Australia. Trevorrow alifariki dunia mwaka uliofuata.

Ripoti na msamaha

Baina ya kesi ya Williams kuruhusiwa na kuamuliwa, nchi nzima ilikuwa imelazimika kuyasikia mambo haya. Mwaka 1995 Tume ya Haki za Binadamu ya Australia ilianza uchunguzi ulioongozwa na Ronald Wilson na Mick Dodson. Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait 535 walitoa ushahidi, na ripoti iliwasilishwa bungeni tarehe 26 Mei mwaka 1997. Ilikadiria kwamba kati ya mtoto mmoja katika kila 10 na mmoja katika kila 3 aliondolewa kwa nguvu kutoka kwa familia yake baina ya mwaka 1910 na 1970.

Bunge la New South Wales liliomba radhi mwezi Juni mwaka huohuo. Serikali ya shirikisho ya Waziri Mkuu John Howard ilikataa kufanya hivyo. Tarehe 28 Mei mwaka 2000, watu wapatao robo milioni walivuka kwa miguu daraja maarufu la bandari ya Sydney kuunga mkono maridhiano, na hatimaye tarehe 13 Februari mwaka 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa. Mwaka 2017 serikali ya New South Wales ilianza kuwalipa waathirika wa Bodi dola 75,000 kila mmoja.

Fedha na maneno vina thamani yake, lakini jeraha la utotoni halifungwi kwa hundi. Uchunguzi mkubwa wa afya ya watoto wa Kiaborijini uliofanywa katika jimbo la Western Australia, ambao matokeo yake juu ya hali za nafsi yalitangazwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba watoto wanaolelewa na mtu aliyewahi kuchukuliwa kwa nguvu walikuwa karibu mara 2.3 zaidi katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya hisia na tabia, wakilinganishwa na wenzao ambao walezi wao hawakuchukuliwa. Sababu yake inaeleweka. Mtu hulea jinsi alivyolelewa, na aliyekulia katika safu ya ngumi hakupata mahali pa kujifunzia kubembeleza.

Hata hivyo, elimu hiyohiyo inaleta pia matumaini. Nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika makao ya serikali. Baadhi yao walihamishiwa kwa familia za walezi. Matokeo yalionyesha kwamba waliopata familia walipiga hatua kubwa katika akili na hisia, na walionufaika zaidi ni waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto anaweza kupona akimpata mtu wa kudumu, na kadiri ampatavyo mapema ndivyo apatavyo nafuu zaidi.

Afrika Mashariki nayo imeanza kulizingatia somo hilo. Rwanda ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwatoa watoto katika vituo vya mayatima na kuwarudisha katika familia. Kenya ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka 10 wenye lengo kama hilo. Nchini Australia kwenyewe, sheria ya New South Wales imeweka tangu mwaka 1987 kwamba mtoto wa Kiaborijini asiyeweza kukaa na wazazi wake atafutiwe kwanza jamaa au watu wa jamii yake. Lakini watoto wa Kiaborijini bado ni zaidi ya theluthi moja ya watoto wote walio chini ya uangalizi wa serikali nchini humo, ingawa ni sehemu ndogo tu ya watoto wa nchi hiyo. Viongozi wao wanasema umaskini ungali ukichukuliwa kuwa ni kutojali watoto.

Huko Blacktown, ambako leo wanaishi pia wahamiaji wengi kutoka Afrika, zikiwemo familia za Sudan zilizokimbia vita, kiwanja cha ile shule iliyohamishwa kutoka Parramatta kilirudishwa mwaka 2018 mikononi mwa watu wa kabila la Dharug, wenyeji wa asili wa magharibi ya Sydney. Majengo hayapo tena, limebaki eneo la majani. Ilichukua karibu miaka 200 tangu watoto wa kwanza kupelekwa hapo mpaka jamaa zao kurudishiwa ardhi hiyo.